Jina moja, wanafunzi wawili

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Berlin, na kila mwaka huongozana na wanafunzi wa sekondari hadi Polandi, kwenye iliyokuwa kambi ya Auschwitz-Birkenau. Ndugu zangu wa Tanga huniuliza mtoto wa pwani ana lipi na Maangamizi ya Wayahudi. Huwasimulia habari ya nyumba nambari 193, mtaa wa Brunnenstraße hapa Berlin. Pale chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe cha kumbukumbu kilichovikwa shaba chenye jina la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingia jeshi la wakoloni wa Kijerumani akiwa bado mtoto, akafika Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, wala sichanganyi msiba wake na wa Wayahudi, ambao Wanazi walidhamiria kuwamaliza wote, hadi watoto wachanga. Lakini kijiwe kile ndicho kilichonifundisha kuanza na jina.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawapeleka vijana kama kundi, kisha jioni nawauliza wanajisikiaje. Nilikosea. Waliolia waliwafanya wasiolia waone haya, na hakuna aliyesema la moyoni. Auschwitz waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni 1 kati yao Wayahudi. Kijana wa miaka 16 ataiandika hesabu hiyo kwenye daftari, lakini hana pa kuishikia.

Siku hizi, wiki sita kabla ya safari, nawapanga wawili wawili, tena wasiozoeana, na kila jozi naipa jina moja. Majina tunayatoa Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, ambayo tangu miaka ya 1950 hukusanya karatasi za ushuhuda. Kila karatasi ni ya mtu mmoja: jina, wazazi, mji, kazi, alikofia. Chini, aliyeijaza huandika jina lake na uhusiano wake na marehemu. Mtoto. Dada. Binamu. Mara nyingine huandikwa rafiki, au jirani. Vijana wakifika hapo hunyamaza, maana huanza kuelewa kwamba pengine nyumba nzima iliteketea, asibaki hata ndugu mmoja wa kushika kalamu.

Mwaka huu jozi mojawapo ilikuwa binti ambaye wazazi wake wametoka Bukavu, na mvulana mkimya wa darasa jingine. Wiki nne za kwanza walikuwa wakisalimiana tu. Jina lao lilikuwa la mshona nguo kutoka mji mdogo wa Hungaria. Kati ya Mei na Julai 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisafirishwa kwa treni kutoka Hungaria hadi Auschwitz, na wengi wao walipelekwa kwenye vyumba vya gesi siku ileile waliyoshuka. Karatasi ya mshonaji huyu ilijazwa na rafiki yake.

Katika jengo namba 27 la Auschwitz kuna Kitabu cha Majina, chenye majina zaidi ya milioni 4 kwenye kurasa kubwa zilizosimama wima. Wale wawili waliingia na nakala ya karatasi yao. Baada ya kitambo binti akanigeukia: "Mwalimu, hawa wote wana jina lake." Wanawake wa jina lile walijaa safu nzima. Basi wakagawana kazi, mvulana akasoma tarehe za kuzaliwa, binti miji. Kidole cha binti kilishuka polepole, mstari hadi mstari, kikasimama. Hakukiondoa mpaka mwenzake alipomaliza kunakili.

Birkenau huwa nawaomba wasiongee. Ukipita lango unafuata reli hadi kwenye sehemu ya kushukia abiria, na mbele zaidi kuna vifusi vya vyumba vya gesi, ambavyo SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walivilipua kabla ya kukimbia. Upepo wa Machi ulikuwa unakata. Hapo kwenye reli mvulana ndiye aliyevunja kimya. Alimuuliza binti, wala si mimi: "Unadhani huyo rafiki alisimama naye hapa?"

Karatasi haisemi. Binti alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kama walikuwa pamoja, basi mmoja alielekezwa upande huu, wa kazi, na mwingine upande ule, wa gesi. Mimi nilibaki nyuma. Mwalimu akiingilia hapo anaharibu.

Jioni, Kraków, hakuna kikao cha hisia. Wanaandika kwa mkono, kila jozi kwenye daftari moja, na anayetaka kulala analala. Nilipopita saa nne usiku wale wawili walikuwa bado mezani, wanabishana kama mshonaji alikuwa na cherehani yake mwenyewe.

Ile nakala ya karatasi ilikuwa moja tu. Nilitaka kuwatolea nyingine, wakakataa. Inakaa kwa binti wiki moja, kwa mvulana wiki inayofuata. Ni miezi mitano sasa, na Ijumaa iliyopita nilimkuta mvulana kwenye ngazi za shule akimsubiri mwenzake amletee.