Barry Bonds hajafungiwa, amekosa kura

Wengi huamini Barry Bonds, nyota wa zamani wa besiboli ya Marekani, hayumo kwenye Jumba la Umaarufu la Besiboli, linaloenzi wachezaji bora, kwa sababu ligi ilimfungia. Si kweli. Aliyefungiwa ni nyota mwingine, Pete Rose, mwaka 1989, kwa kamari. Bonds, mwenye rekodi ya homurani 762 (mipigo inayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote na kupata alama), aliangushwa na kura.

Jumba lenyewe, lililoko Cooperstown, New York, ni makumbusho yanayojitegemea, si idara ya ligi. Mchezaji akishacheza misimu 10 na kustaafu kwa miaka 5, jina lake linaweza kufika kwa waandishi wa besiboli, ambao ndio wanaopiga kura. Kila mwandishi huchagua majina yasiyozidi 10, na anayetaka kuingia lazima apate asilimia 75 ya kura. Kanuni zinawataka pia wapime uadilifu, na hapo ndipo tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zilipomkwamisha Bonds: mwaka 2022, nafasi yake ya kumi na ya mwisho katika kura za waandishi, aliishia asilimia 66.

Wala takwimu peke yake si tiketi. Hata Derek Jeter, nyota wa New York Yankees aliyechaguliwa mwaka 2020, alinyimwa kura moja kati ya 397. Aliyemnyima hajajitaja hadi leo.