Boriti kulia vizuri si dalili kwamba ni nzima

Mafundi wengi hugonga boriti kwa nyundo. Ikilia vizuri, wanaipitisha. Hilo ni kosa la hatari. Kuvu wanaoigeuza mbao kuwa ya kahawia hukatakata mapema selulosi, uti wa mgongo wa mbao yenyewe. Boriti inaweza kupoteza nguvu nyingi kabla haijabadilika rangi wala mlio. Nyundo hugundua uozo uliokwisha kukomaa.

Ndiyo maana watafiti wa maabara ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, nchini Marekani, waligeukia kingamwili. Sungura akidungwa protini za kuvu, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuzitambua. Basi unatoboa boriti kwa keekee, unaloweka ule unga wa mbao, unautia kingamwili hizo, na zikinasa chembe za kuvu, rangi hujitokeza. Kipimo cha ujauzito cha dukani hutumia kanuni hiyohiyo.

Ila kipimo hiki hakisemi boriti imebakiza nguvu kiasi gani. Na ukitoboa katikati, pakavu, ilhali kuvu wamejificha kwenye ncha iliyozama ukutani panapovuja, utaambiwa hakuna kitu. Toboa penye unyevu kwanza.