Je, wajua kwa nini anayelipwa kidogo kila mwezi hutafuta kupokea kwa mkupuo?

Nchini Kenya, mzee aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hutengewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kiasi ambacho mtu angetarajia kiishie chote jikoni. Lakini baadhi ya wapokeaji, kabla hata ya kununua unga, hutoa sehemu ya pesa hizo na kumkabidhi mweka hazina wa chama, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, ili mwenzao mmoja aondoke na fungu nono. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Tanzania watu wanaufahamu mtindo huo kama upatu, au mchezo. Kwa nini aliyepewa pesa chache azitoe tena mkononi?

Jibu linalosikika sana, barazani hata maofisini, ni kwamba mwenye uwezo wa kuchangia chama hana shida ya kweli. Jingine, kali zaidi, husema maskini akipewa taslimu atazinywa, kwa hiyo heri apewe mahindi. Majibu yote mawili yana makosa, na yanawaumiza watu, kwa sababu yanaweza kutumika kuamua nani afutwe kwenye orodha.

Tuanze na la pombe, maana limechunguzwa kwa kina. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu familia zilizopewa pesa taslimu, wakauliza swali hilo tu: je, matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka? Kwa jumla hayakuongezeka, na katika baadhi ya tafiti yalipungua. Si kwamba hakuna mlevi hata mmoja aliyepokea malipo. Wapo, na kijiji kizima kinawajua, na ndiyo maana mfano wa mtu mmoja hukumbukwa kuliko mamia ya wengine waliolipa karo kimyakimya.

Hoja ya kwamba mwenye chama hana shida inachanganya mambo mawili: kuwa na pesa, na kuwa na pesa za kutosha kwa wakati mmoja. Shilingi 500 hununua unga na sukari. Hazinunui mbuzi, wala mabati, wala hazilipi karo ya muhula. Mahitaji hayo hayauzwi nusunusu, na mengi hayangoji mwisho wa mwezi.

Fikiria mfereji unaotoa ndoo moja tu kwa siku. Maji hayo yanatosha kunywa na kupika, lakini kwa ndoo moja huwezi kufua mablanketi. Ukisema uweke akiba kidogo kila siku, itabidi usubiri, na katikati atakuja mtoto mwenye kiu, mgeni, jirani aliyepungukiwa. Sasa majirani kumi wakikubaliana kwamba kila siku wote wampe mmoja wao sehemu ya ndoo zao, huyo anafua leo, mwingine kesho. Hakuna tone lililoongezeka. Kilichobadilika ni siku ambayo kila mmoja anapata maji mengi.

Tuirudishe hesabu hiyo kwenye shilingi. Wazee kumi wanachanga 500 kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi mmoja anapokea 5,000. Kama kila mmoja angeweka akiba peke yake, wote kumi wangefikisha 5,000 mwezi wa kumi. Ndani ya chama, wa kwanza anazipata mwezi wa kwanza, wa tano mwezi wa tano, na wa mwisho mwezi wa kumi, pale pale ambapo angefika akiwa peke yake. Yaani, kila mtu akilipa, tisa wanawahi na hakuna anayechelewa. Wa kwanza amekopeshwa bila riba na wenzake. Hii, kwangu, ni moja ya hesabu nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa na watu wasio na benki.

Basi wa mwisho anafaidi nini? Anafaidi kuzihifadhi pesa mahali zisipoombwa. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, katika utafiti wao wa Kibera, mtaa wa Nairobi, uliochapishwa 2002, waliona kwamba wanachama wengi walikuwa wanawake wenye waume, na walieleza kwamba chama kiliwasaidia kuiondoa akiba nyumbani kabla haijapangiwa kazi nyingine. Ukisema "hizo ni za chama", hata ndugu mkaidi anaelewa.

Ushahidi mwingine unatoka kaunti za Siaya na Bomet, Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilianza kulipa vijiji vizima mwaka 2018. Wengine waliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, wengine kwa miaka miwili, na wengine walipewa kwa mkupuo. Wale wa miaka 12 walitumia sana vyama vya mzunguko kugeuza malipo yao ya mwezi kuwa fungu. Uhakika wa kesho uliwapa ujasiri wa kuahidi michango ya leo. Kabla ya hapo, huko Rarieda, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walilinganisha malipo ya kila mwezi na ya mkupuo: ya mwezi yalisaidia zaidi chakula kupatikana, ya mkupuo yakaelekea kwenye vitu vya kudumu. Kwa hiyo chama humruhusu mtu kuchukua kidogo katika kila upande.

Tahadhari inahitajika hapa. Pesa hizo zilikuwa za shirika, na wapokeaji hawakuwa wazee peke yao. Malipo ya serikali yana mwendo wake. Kwa miaka mingi Inua Jamii ililipwa kwa mizunguko ya miezi miwili, na malimbikizo yamewahi kutokea zaidi ya mara moja. Walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini Tanzania, nao wamezoea kusubiri dirisha la malipo la kila miezi miwili. Kwenye karatasi imeandikwa "kwa mwezi", ila mwenye duka anayekopesha hupanga daftari lake kwa siku pesa zinapoingia kweli.

Kuchelewa huko ndiko kunakogusa chama moja kwa moja. Kikiwa cha wapokeaji wa Inua Jamii watupu, serikali ikichelewa wanachama wote wanakwama siku ile ile, na aliyekuwa zamu anabaki mikono mitupu. Kikichanganya muuza mboga, mfugaji wa kuku na mtu wa bodaboda, mchango haukauki wote kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba ukusanyaji unakuwa mgumu, maana hawa wanapata pesa siku tofauti.

Anayepanga bajeti ya malipo haya afanye vyema kuhesabu kwa mzunguko wa malipo, si kwa mwezi wa kalenda. Deni la duka litangulie, kwa sababu ndilo litakalompa chakula malipo yakichelewa tena. Mchango wa chama uwe kiasi anachoweza kukitoa hata kwa kuuza kuku mmoja, si kile kinachowezekana pesa zikiwa zimeingia tu. Na kwa wazee, lipo jambo ambalo vyama vingi huona haya kulizungumza: aliyekwisha kupokea akifariki, nani atamalizia michango yake? Liandikwe kwenye daftari la chama kabla ya kupiga kura ya nani awe wa kwanza, na mrithi aliyetajwa awepo siku hiyo aseme amekubali.