Moto wa msituni: dhana potofu na ukweli kuhusu chanzo chake

Msitu ukiungua, swali la kwanza huwa ni nani kauchoma. Ni swali la haki, ila majibu mengi yanayosambaa si ya kweli, na upotoshaji huo una madhara: watu wote wakishughulika kumsaka mhalifu, hakuna anayekumbuka kukagua nguzo ya umeme wala kufyeka nyasi kavu za kando ya barabara.

Dhana: Jua likizidi ukali, msitu huwaka wenyewe.

Kuni kavu huhitaji joto la takribani nyuzi 300 za Selsiasi ndipo zishike moto zenyewe. Rekodi rasmi ya joto la hewa duniani ni nyuzi 56.7, iliyopimwa Death Valley, Marekani, mwaka 1913. Kazi ya jua na upepo ni kukausha majani na vijiti mpaka cheche moja itoshe, na cheche hiyo lazima itoke mahali. Mabadiliko ya tabianchi nayo huingia hapo hapo: hurefusha kipindi cha ukavu, hayawashi moto.

Dhana: Chupa zilizotupwa ndizo zinazochoma misitu.

Inawezekana, kioo kikikusanya miale ya jua mahali pamoja, lakini ni nadra sana.

Dhana: Mioto ya watu ni ya makusudi.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1992 na 2012, watu walisababisha asilimia 84 ya mioto ya nyikani. Lakini chanzo kilichoongoza kilikuwa uchomaji wa takataka na mabaki ya shamba uliowashinda wenyewe. Wachomaji wa makusudi wapo, na wanastahili kushtakiwa, ila walikuja nyuma ya hao.

Tarehe 23 Julai 2018, karibu na mji wa Redding, California, tairi la trela lilipasuka barabarani. Rimu ikakwaruza lami, cheche zikarukia nyasi kavu, na moto uliozaliwa hapo ukateketeza zaidi ya hekta 90,000. Mwezi Novemba mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, ndoano ya chuma iliyolika kwa miaka mingi ilikatika kwenye mnara wa umeme. Waya ukaachia, mji wa Paradise ukateketea, na watu 85 wakafariki. Hakuna aliyekusudia. Ndoano ile ingebadilishwa mapema, watu wale wasingekufa kwa moto ule.

Dhana: Radi huja na mvua, kwa hiyo haiwezi kuchoma msitu.

Hewa ya chini ikiwa kavu, mvua hukauka kabla ya kugusa ardhi, radi ikapiga peke yake. Tena si lazima moto uonekane siku hiyo. Kaa linaweza kujificha ndani ya gogo au mizizi kwa siku kadhaa likisubiri upepo. Moto wa Gospers Mountain nchini Australia ulianzishwa na radi mwezi Oktoba 2019 ukala zaidi ya hekta 500,000, huku mitandaoni watu wakishikilia kwamba mioto ya msimu ule ilikuwa kazi ya wahalifu. Kanada radi huwasha karibu nusu tu ya mioto, lakini mioto hiyo ndiyo inayochoma sehemu kubwa mno ya eneo linaloungua. Sababu ni kwamba radi hupiga mbali na barabara, mara nyingi sehemu nyingi kwa mkupuo, na vikosi vya zimamoto huchelewa kufika. Mioto ya watu, kwa upande wake, huanzia karibu na makazi, kwa hiyo huua hata ikiwa midogo.

Dhana: Moto usipoonekana, umezimika.

Mwaka 2015 mioto ya Indonesia ilipita kwenye takribani hekta milioni 2.6, na sehemu kubwa ya moshi ilitoka chini ya ardhi. Watu walikuwa wamechimba mifereji kukausha mboji nene ya vinamasi ili wapate mashamba, na mboji ikikauka huungua polepole kwa wiki nyingi bila mwali. Siberia na Alaska, moto wa namna hiyo huweza kuvuka majira ya baridi chini ya theluji na kuibuka tena msimu wa joto.

Kwa hiyo moto wa kambini usiufukie mchanga ukaondoka, maana makaa huendelea kuwa hai humo chini. Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto, bado haujazimika.