Njiti ni nani?

Hapa Mwanza, kama kwingine Tanzania, njiti ni kijiti cha kiberiti, na njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Sarufi ndiyo inayowatenganisha: njiti imezimika, njiti ameamka. Wingi wake ni watoto njiti, si "watoto wa njiti". Hao wa pili ni watoto ambao mzazi wao ndiye njiti.

Mfano huo wa kijiti haujifichi kwa aliyewahi kuona vidole vya mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba. Lakini ndipo neno linapotupoteza. Jirani wa Igoma akija kumwona mzazi, akakuta kichanga chembamba, atasema "kumbe ni njiti" kwa kukitazama tu. Wauguzi hawaangalii wembamba, wanahesabu wiki. Mimba hukaa wiki 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ndiye njiti. Mtoto wa wiki 39 mwenye kilo 2.2 ana uzito pungufu, maana hajafika kilo 2.5, ila si njiti. Na njiti wa wiki 36 anaweza kumzidi uzito.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Njiti anaweza kuwa na mapafu ambayo hayajakomaa, akashindwa kunyonya, na joto la mwili likamtoka upesi. Kwa hiyo mama huambiwa ambebe kwa njia ya kangaruu: mtoto amevaa nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, kisha khanga juu. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na baba naye anaweza kubeba, hata kama wengi wanaona haya.

Kuna wanaosema wa miezi saba hupona, wa minane hafiki. Si kweli: kila wiki anayoongeza tumboni humsaidia. Sababu za kuwahi ni nyingi, kuanzia mapacha na shinikizo la damu hadi malaria, ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua vizuri. Mara nyingine sababu haionekani kabisa.

Pale soko la samaki la Mwaloni kuna mbeba magunia ya dagaa, mtu wa miraba minne, anaitwa Njiti. Nilidhani ni utani wa kumgeuzia umbo. Kumbe alizaliwa wa miezi saba, na jina la nyumbani halikumtoka.