Sakafu ya mbao ya nje: mng'ao usikudanganye

Wenye sakafu za mbao nje ya nyumba huniuliza swali lile lile: "Fundi, nipake vanishi gani?" Huwajibu kwamba kwa sakafu inayonyeshewa na kupigwa jua, vanishi tuiache ndani ya nyumba.

Ubao wa nje hautulii. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa, mwaka nenda mwaka rudi. Vanishi hukaa juu yake kama ngozi. Siku za mwanzo inapendeza kweli, lakini ubao unapocheza, ngozi ile hupata nyufa nyembamba, hasa kwenye maungio na pembeni mwa vichwa vya skrubu. Maji yakishapenya hapo, hayana pa kutokea. Niliwahi kuitwa kwenye sakafu ya namna hiyo. Niliingiza ncha ya kisu chini ya ganda lililoinuka, kikabanduka kipande kikubwa kama kiganja. Ubao chini yake ulikuwa mweusi na umelowa, ilhali mvua ilikwisha kukatika siku kadhaa. Ilibidi tuikwangue sakafu yote, ubao mmoja baada ya mwingine.

Mimi hutumia mafuta ya kinga yanayozama ndani ya mbao. Hayaachi ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Yanapochakaa hufifia tu; unaosha sakafu, unaiacha ikauke, unapaka tena.

Ila hata hapo wengi huchagua yasiyo na rangi ili mti wao uonekane. Nawaelewa, nami naupenda mti. Tatizo ni kwamba mafuta hayo huzuia maji, lakini jua hulipunguzia makali kidogo sana. Miale ya urujuanimno huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za ubao. Lignini ikishavunjika mvua huiosha, na zinazobaki juu ni nyuzi legelege za kijivu. Chembe za rangi ndizo zinazoutilia ubao kivuli. Chukua yenye rangi kidogo, ya asali au kahawia, na nyuzi za mti bado utaziona.

Mafuta ya kitani matupu siyapendi kwa kazi hii: hukauka polepole na kuvu huyageuza chakula. Tafuta yaliyotiwa dawa ya kuvu.

Kabla ya kupaka, dondoshea ubao matone ya maji. Yakizama ndani ya dakika chache, ubao uko tayari kunywa. Yakikaa juu kama shanga, subiri. Huenda ubao bado una unyevu, jambo la kawaida kwa mbao mpya zilizotiwa dawa kiwandani, au kuna kinga ya zamani ya kuondoa. Msasa wa namba 60 au 80 unatosha. Ukilainisha zaidi, ubao hautakunywa vizuri. Mbao ngumu kama msaji na mvule hunywa kidogo kwa asili yake, kwa hiyo zipake mkono mmoja mwembamba, kisha futa yote yaliyobaki juu kabla hayajaanza kunata.

Ncha za mbao ndizo ninazozisimamia mwenyewe. Mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai hufungukia hapo, na maji huingia kwa kasi kuliko upande wa bapa. Ubao mwingi unaooza huanzia hapo, na ndipo brashi inaposahau kufika. Paka, ngoja inywe, paka tena, mpaka ikatae.

Kazi ikiisha, usiyarundike matambara uliyofutia mafuta. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na matambara yaliyofinyangwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja, yakauke hadi yawe magumu, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji kabla hujaondoka.