Kinyonga habadili rangi ili afanane na kitambaa

Ukimweka kinyonga juu ya kitambaa chekundu, hawi mwekundu. Wengi huamini kwamba ngozi yake hunakili rangi yoyote anayoikanyaga, lakini sivyo. Rangi yake ya kawaida, mara nyingi kijani au kahawia, tayari inamficha vizuri kati ya majani na matawi. Anapobadilika, sababu kubwa huwa hali ya mwili wake na mawasiliano na vinyonga wenzake.

Asubuhi yenye baridi hugeuka mweusi-mweusi, kwa kuwa rangi nzito hunyonya joto la jua haraka. Akishapata joto, anarudia rangi yake nyepesi. Madume mawili yakikutana hung'aa kwa rangi kali. Linaloshindwa hufifia na kuondoka.

Siri yenyewe inapendeza kweli. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kinachotokea kwa aina moja ya kinyonga wa Madagaska. Ndani ya ngozi yake mna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, kemikali ya asili ya mwili. Dume likiwa limetulia, fuwele hukaa karibu karibu na kuakisi mwanga wa buluu. Buluu hiyo ikipita kwenye rangi ya njano iliyo juu ya fuwele hizo, sisi tunaona kijani. Likisisimka, fuwele huachana kidogo, zikaakisi njano, chungwa au nyekundu. Mabadiliko hayo huchukua dakika chache tu, na hakuna rangi mpya inayotengenezwa.